Timu ya Kubuni: Vipi Uanze, na Wapi Ukome



Mwezi huu twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wazee wengi wakaliona kuwa ni la kitoto, nalo ni mchezo wa timu za kubuni, ambao vijana wetu wauita fantasi. Twajua wako watakaoshangaa kumwona mwalimu wa madrasa, mwenye mvi kichwani, ashika kalamu kuandika juu ya mabeki na washambuliaji wa Uingereza. Lakini hatukuwa na budi. Jambo hili limekwisha kuingia majumbani mwetu kwa mlango wa simu, na sisi tulipolikuta kwa mara ya kwanza tulilihukumu kabla ya kulijua, tukamdhulumu mtoto wa watu. Kosa letu hilo ndilo lililotufundisha, nasi twalitaja waziwazi ili mwingine asilirudie.

YALIYOTUKUTA MUSOMA

Ilikuwa usiku wa Ijumaa, mwezi wa Agosti 2025, msimu wa mpira wa Uingereza ulipokuwa ukianza. Tulitoka msikitini baada ya sala ya Isha, tukawakuta wanafunzi wetu sita au saba wamejikusanya katika baraza ya madrasa, vichwa vyao vimeinama juu ya simu moja. Mmoja alisema, "Fanya haraka, nahodha wako nani? Dakika kumi zimebaki." Mwingine akasema, "Huyu ni milioni kumi na nne, hutamweza."

Sisi tuliposikia mamilioni, na wachezaji, na dakika za kufunga, tulisema moyoni mwetu: huu ni mkeka, yaani ile karatasi ya kamari ya mpira ambayo vijana huijaza kwa kutumaini utajiri wa usiku mmoja. Tukamnyang'anya simu yule aliyeishika, kijana wa miaka 16, na mbele ya wenzake tukamwambia kwamba ameleta kamari katika nyumba inayosomwa Qur'ani.

Kijana yule akajibu kwa adabu, "Naomba radhi, Maalim, lakini hii si kamari. Hapa hakuna hata senti moja. Milioni hizi ni za mchezo tu." Sisi hatukumsikiliza. Tulimrudishia simu yake tukamwamuru aende kwao. Tangu usiku ule hakutia mguu darasani.

Wiki ya tatu akatujia mama mmoja, mwuza dagaa wa pale Mwigobero, ambaye mwanawe ni mwanafunzi wetu mwingine. Alilalamika kuwa shilingi 10,000 alizompa mwanawe za kununulia madaftari zimepotea, na kila akiulizwa hutoa jibu jingine. Tukaanza kupeleleza, na kweli ikadhihiri. Vijana 12 wa mtaa ule, baadhi yao wanafunzi wetu, walikuwa wamechanga shilingi 10,000 kila mmoja, jumla shilingi 120,000, kwa makubaliano kwamba atakayeongoza mwisho wa msimu azichukue zote. Na yule kijana tuliyemfukuza hakuwamo. Wenzake walimwomba aingie, akakataa, akasema fedha za namna ile hazimfai, nao wakamcheka na kumwita bahili.

Tazameni basi, ndugu zetu: aliyekataa kamari ndiye tuliyemfukuza kwa kamari, na walioicheza walikaa kimya mbele yetu wakiendelea na masomo yao.

Tulikwenda nyumbani kwao jioni ile ile, tukamwomba radhi mbele ya baba yake na mama yake. Baba yake alisema, "Maalim, sisi tumekwisha kusamehe, lakini mwulize mwenyewe." Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema amesamehe. Nasi tukamwomba jambo la pili: atufundishe mchezo huo toka mwanzo hadi mwisho, ili siku nyingine tukisema neno, tuseme kwa kujua.

ASILI YA MCHEZO HUU

Mchezo wa timu za kubuni si wa jana. Mwaka 1962 Mmarekani mmoja, Wilfred Winkenbach wa mji wa Oakland, pamoja na rafiki zake, walitunga mchezo wa kuchagua wachezaji wa kweli wa mpira wa Kimarekani, kila mtu timu yake kwenye karatasi, kisha wakahesabu alama kwa yale waliyoyafanya wachezaji hao uwanjani. Hawakuwa na simu wala kompyuta. Walitumia kalamu na magazeti. Uingereza mchezo huo ulienea katika miaka ya 1990, na magazeti ndiyo yaliyoubeba. Tangu mwaka 2002 ligi kuu ya Uingereza yenyewe imekuwa ikiuendesha mchezo wake, uitwao Fantasy Premier League, nao hauna kiingilio. Siku hizi timu zinazoandikishwa kila msimu hupita milioni 10, kutoka karibu kila nchi ya dunia.

Hapa kwetu vijana wengi walivutwa zaidi mwaka 2020. Mwezi Januari mwaka huo Mbwana Samatta aliingia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile, na tarehe 1 Februari akafunga bao dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi. Kwa hesabu ya mchezo huu bao lile lilimpa alama 4 kila aliyekuwa amemweka katika timu yake. Mtu aweza kuwa amekaa Bunda anamenya muhogo, na kijana wa Kitanzania akafunga bao Uingereza, naye akahesabu kuwa amepata faida. Hiyo ndiyo ladha ya mchezo wenyewe.

VIPI MTU AANZE

Mwenye kuanza huandikisha jina katika simu au kompyuta, akaipa timu yake jina, kisha hupewa fedha za mchezo, paundi milioni 100. Fedha hizi hazipo popote ila katika hesabu. Huwezi kuzitoa, wala huwezi kuzinunulia hata kibiriti. Kwa fedha hizo humlazimu kununua wachezaji 15: walinda mlango 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Wala haruhusiwi kuchukua zaidi ya wachezaji 3 kutoka klabu moja, ili mtu asije akaibeba timu moja nzima akalala.

Hapa ndipo akili ianzapo kazi. Ukigawanya 100 kwa 15, wastani wa kila mchezaji haufiki milioni 7. Lakini wale mashuhuri, wafungaji wakubwa, thamani yao yaweza kufika milioni 14 na kupita. Mtu akichukua watatu wa bei hiyo amekwisha kutumia 42, na zilizobaki 58 azigawe kwa wachezaji 12, ambao kila mmoja hatapata hata 5 kamili. Ni mfano wa mtu mwenye harusi: akimaliza fedha zote katika ng'ombe wawili wanono, wageni watakula nyama bila ya wali. Mwenye busara huchukua mmoja au wawili wa bei kubwa, kisha hutafuta wa bei ya kati wanaocheza kila wiki.

Katika wale 15, kila wiki huchagua 11 wa kuanza, na 4 hukaa akiba. Yapasa awe na mlinda mlango 1, mabeki wasiopungua 3, viungo wasiopungua 2 na mshambuliaji asiyepungua 1. Kisha humchagua nahodha, ambaye alama zake huhesabiwa mara mbili, na naibu wake, ambaye huishika nafasi hiyo iwapo nahodha hakucheza kabisa. Vivyo hivyo, mchezaji wa kwanza asipocheza, yule wa akiba huingia mahali pake bila ya wewe kufanya lolote, mradi hesabu ya nafasi haivunjiki.

ALAMA ZAHESABIWAJE

Mchezaji akicheza chini ya dakika 60 apata alama 1. Akifika dakika 60 na kupita apata 2. Bao la mshambuliaji ni alama 4, la kiungo ni 5, la beki ni 6. Atoaye pasi ya bao apata 3. Timu isipofungwa, mlinda mlango na beki waliocheza dakika 60 wapata 4 kila mmoja, na kiungo apata 1. Mlinda mlango hupata alama 1 kwa kila mipira 3 aliyookoa, na 5 akizuia penalti. Na kuanzia msimu wa 2025/26 kazi ya ulinzi nayo yahesabiwa: beki aliyezuia, kuondosha na kunyang'anya mpira jumla mara 10 katika mechi moja apata alama 2. Juu ya hayo, wale watatu waliofanya vizuri zaidi katika kila mechi huongezewa alama 3, 2 na 1.

Makosa nayo yana malipo yake. Kadi ya njano hupunguza alama 1, kadi nyekundu 3, kujifunga 2, na kukosa penalti 2. Mlinda mlango na beki hupungukiwa alama 1 kwa kila mabao 2 waliyofungwa.

Tuchukue mfano. Kiungo amecheza mechi nzima, amefunga bao 1, ametoa pasi 1 ya bao, na ameonyeshwa kadi ya njano, na timu yake imefungwa. Hesabu yake ni 2, na 5, na 3, toa 1: jumla alama 9. Ikiwa ndiye nahodha wako, umepata 18. Tuliwapa hesabu hii watoto wa madrasa wenye miaka 10, nao waliikamilisha upesi kuliko zile za kitabu chao cha shule.

Kila wiki waruhusiwa kumbadili mchezaji 1 bila ya gharama. Usipombadili, nafasi hiyo hubaki kwako, nawe waweza kuziweka akiba hadi 5. Lakini ukizidisha mabadiliko kuliko ulizo nazo, kila moja hukutoa alama 4. Ziko pia karata maalumu, kama ile ya kuibadili timu nzima bila ya gharama, na ile ya kumpa nahodha mara tatu badala ya mbili. Kwa kanuni za msimu wa 2025/26, kila karata ilitolewa mara mbili: moja ya nusu ya kwanza ya msimu, na moja ya nusu ya pili, na isiyotumika katika nusu yake hupotea. Anayeanza asizikimbilie. Azitunze hadi aijue njia.

MAKOSA YETU YA KWANZA

Tulipokwisha kufundishwa, tulianzisha ligi ndogo ya ukoo wetu. Mchezo huu una njia ya kuwakusanya watu wachache katika ligi ya siri, kwa namba maalumu mnayopeana, na mwenye kuianzisha aweza kuchagua wiki ambayo hesabu itaanzia, ili waliochelewa wasiachwe nyuma. Tuliingia sisi wa Musoma pamoja na yule kijana mwalimu wetu, mpwa wetu aliyeko Bunda ambaye ni fundi wa pikipiki, na shemeji yetu wa Butiama pamoja na binti yake, mwanafunzi wa sekondari.

Wiki ya kwanza sisi tulipata alama 31. Mpwa wetu wa Bunda alipata 47, mwalimu wetu 52, na yule binti wa Butiama 60. Tukamwuliza binti siri yake. Akasema, "Mjomba, wewe umechagua majina. Mimi nimechagua dakika."

Maneno hayo yalikuwa na ukweli wote. Sisi tulichukua wale tuliosikia wakitajwa na watu, na wawili kati yao walikuwa majeruhi, mmoja amefungiwa kwa kadi. Katika akiba tuliweka wa bei ya chini kabisa, ambao hata uwanjani hawafiki, kwa hiyo hapakuwa na wa kuziba pengo. Wiki ya pili kwa hasira tukabadili wachezaji wanne kwa pamoja, watatu kwa gharama, tukakatwa alama 12. Na wale tuliowafukuza ndio waliofunga mabao. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Binti yule hana simu. Ana daftari la kurasa 64. Upande wa kushoto ameandika wachezaji wake 15 na dakika walizocheza kila wiki. Upande wa kulia, timu watakazokutana nazo katika mechi tano zijazo. Siku ya Alhamisi hukaa na baba yake, humwonyesha mabadiliko anayoyataka na sababu yake, na baba ndiye aingizaye katika simu. Shemeji yetu alituambia kwamba kwa miaka mingi hakujua azungumze nini na binti yake zaidi ya kumwuliza habari za shule. Sasa kila Alhamisi wana mazungumzo ya saa nzima, na kutoka mpira hufika katika mambo mengine.

Basi kwa anayeanza, twamwusia haya matano. Kwanza, achague wanaocheza kila wiki, si wanaosifiwa. Pili, atazame mechi zijazo, si zilizopita tu. Tatu, awe na angalau wawili wa akiba wanaocheza kweli. Nne, asibadili kwa hasira. Angojee habari za majeruhi hadi karibu na kufungwa. Tano, asiukatie msimu tamaa mapema, kwani una wiki 38, na aliyeanguka Septemba aweza kuinuka Machi.

Na asiye na simu asidhani amefungiwa nje. Winkenbach na wenzake walicheza kwa karatasi, na hata leo yawezekana. Vijana wa madrasa yetu wamekwisha kuifanyia hesabu kama hiyo mashindano ya timu za mitaa: huhesabu mabao na pasi kwa macho yao, huandika ubaoni. Jambo hilo latupendeza zaidi, maana twaona ajabu kijana wa Musoma ajue beki wa akiba wa klabu ya London, na asijue kwamba klabu ya mji wake, Biashara United, ilicheza ligi kuu ya Tanzania toka 2018 hadi 2022, na mwaka 2021 ikafika hata mashindano ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

SAA ZA MCHEZO NA SAA ZA SALA

Sasa tuingie katika hatari, maana hazikosi. Mabadiliko ya kila wiki hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya kwanza ikiwa ni ya Ijumaa usiku, kufungwa kwake katika miezi ya mwanzo wa msimu huwa aghalabu saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu, yaani katika wakati wa Isha. Ndiyo sababu tuliwakuta barazani. Mechi nyingi za Jumamosi huanza saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, na Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, huanza saa kumi na mbili. Hapa Musoma jua halikawii kuzama baada ya hapo, na Magharibi huingia ilhali mechi iko katikati. Anayekwenda kuitazama katika kibanda umiza, ambako watu wamebanana na mlango uko mbali, mara nyingi haoni njia ya kutoka, wala hataki kuitafuta.

Mchezo huu hauhitaji kutazama mechi hata moja. Alama zajihesabu zenyewe. Mtu aweza kupanga timu yake Alhamisi, akasali sala zake zote kwa wakati, na Jumapili usiku akatazama alichopata. Hii ndiyo kanuni tuliyoiweka katika ligi yetu: mabadiliko hufanywa Alhamisi baada ya Alasiri, na baada ya hapo simu haiguswi kwa ajili hiyo. Mpwa wetu wa Bunda alilalamika kwamba habari za majeruhi hutoka Ijumaa. Tukamwambia kwamba hasara hiyo ni yetu sote, kwa hiyo haimdhuru mmoja. Na lile tulilousia juu, la kungoja habari hadi mwisho, litumiwe na yule ambaye halimpotezei sala.

MPAKA NI UPI

Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameikataza kamari, akaitaja pamoja na ulevi, na akatueleza sababu mbili: kwamba Shetani hupandia humo uadui baina ya watu, na huwazuia kumkumbuka Mungu na kusali. Ile ya pili tumekwisha kuisema, nayo yaweza kumpata hata asiyetoa senti. Ya kwanza tuliiona kwa macho yetu katika zile shilingi 120,000.

Tulipowaita wale vijana 12, wakubwa wao walijitetea wakasema, "Maalim, huu ni kama upatu tu." Tukawajibu kwamba sivyo. Katika upatu, kila mtu atoa 10,000 na zamu yake ikifika hurudishiwa kadiri aliyotoa. Hakuna aliyepata kwa kupotewa mwenziwe. Katika mchango wenu, 12 wanatoa, 1 anachukua, na 11 wanarudi mikono mitupu. Faida ya mmoja ni hasara ya wengine, na kitu kinachoamua ni miguu ya watu walio Uingereza ambao hawawajui ninyi. Hiyo ndiyo kamari, hata mkiipa jina la upatu, na hata fedha zikiwa chache.

Wengine huuliza: je, mtu wa nje asiyecheza akitoa zawadi kwa mshindi? Katika jambo hili masheikh wana maelezo yao, na kila mtu amwulize sheikh wake. Sisi katika ukoo wetu tumeamua kwamba mshindi hupata dua ya wenziwe na sahani ya pilau kwa yule wa mwisho, na hapo ugomvi wote umekwisha.

Tukamwambia mweka hazina wao alete fedha. Akaleta 85,000, nyingine 35,000 alikuwa amekwisha kuzila, akitumaini kuzirudisha kabla ya mwezi Mei. Wenziwe walimkasirikia hata wakataka kupigana palepale mbele yetu, na hao ni marafiki waliokuwa wakicheza pamoja toka utotoni. Uadui ulioelezwa katika aya ukawa umesimama barazani kwetu. Tulirudisha kwanza fedha za yule mama wa Mwigobero, na za wengine waliotoa fedha za wazazi. Yule mweka hazina alibeba magunia ya dagaa kwa muda wa wiki sita hadi akamaliza deni. Baadhi yao hawajarudi kuzungumza naye hadi leo.

Na wazazi wajue hatari ya tatu. Mwenye kuzoea kuhesabu alama huja siku moja akadhani amekuwa mjuzi wa kutabiri, na matangazo ya kampuni za kamari yamejaa katika kurasa zile zile asomamo habari za mpira. Kutoka fantasi hadi mkeka ni hatua moja tu katika simu. Sheria ya nchi yakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sheria haikai chumbani na mtoto. Mzazi ndiye akaaye. Mzazi aijuaye fantasi ataona mara moja mwanawe akivuka, kwa kuuliza maswali mawili: je, kuna fedha inayotoka mfukoni, na je, kuna anayepata kwa kupotewa mwenziwe? Asiyeijua atafanya kama tulivyofanya sisi: atampiga asiye na kosa, na mwenye kosa atampita pembeni.

TAMATI

Ndugu zetu, hatukuja kuwashawishi mwache kazi zenu mkacheze. Asiyeutaka mchezo huu hana alichopungukiwa. Imepokewa kwamba Mtume wetu s.a.w. alishindana mbio na mkewe Bi Aisha, naye Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapa kwetu Mara, alijulikana kwa kupenda bao. Mchezo wenye mpaka humpumzisha mtu na humkutanisha na jamaa zake. Lakini mpaka hauwekwi na mtu asiyejua shamba liko wapi.

Yule kijana amerudi darasani. Siku ya kwanza hakukaa mahali pake pa zamani mbele yetu; alikaa karibu na mlango, na hadi sasa bado akaa pale. Sisi hatumwambii neno. Kila Alhamisi baada ya Alasiri yeye husogea, huketi karibu nasi na daftari lake, na kutuonyesha ni nani tumwache na ni nani tumchukue. Katika ligi ya ukoo sisi ni wa mwisho, na pilau tunadaiwa sisi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watoto wetu. Wabillahi tawfiq.